Firigisi Alipewa Nani?

Doonside, Sydney
18 Aprili 2021

Mpendwa Senge Wilkister, shangazi yangu,

Kabla ya salamu, acha niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu nikitanguliza salamu nitapoa na kuishia kukuandikia habari za hali ya hewa. Nimekula imondo. Sikuionja tu. Nilikula nusu sahani, na nusu nyingine ilikuwa ya Baba.

Najua kwetu imondo, yaani firigisi ya kuku, ni ya mwenye nyumba. Ulinifundisha mwenyewe nikiwa na miaka sita, jikoni kwako Mbale, nilipopeleka mkono kwenye sufuria na mwiko ukaufuata. Naomba tu usome utetezi wangu kabla ya kukasirika. Kwenye sahani ile kulikuwa na firigisi kama thelathini, zimechanjwa zikachanuka kama maua, na hapakuwa na kuku hata mmoja karibu. Wenye nyumba thelathini sikuwaona pia.

Sasa salamu. Hujambo, Senge? Hoteli inaendeleaje na hiyo kafyu yenu? Goti lako je? Sisi hapa ni wazima. Baba bado anauguza wazee kule kwenye makao yao, na amevaa barakoa kwa muda mrefu hadi masikio yake yameanza kutazama mbele. Mimi niko darasa la kumi. Walimu wanasema nafanya vizuri ila siongei. Nakuandikia barua badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu Kiswahili changu hukimbia na kuniacha nikisema "eeh, eeh" kama mbuzi, na pia kwa sababu ujumbe wowote unaotumwa kwako hufika kwenye kundi la ukoo kabla chai haijapoa, na Baba Mkubwa Adagala, kama mwenyekiti wa ukoo, huujibu kwa mstari wa Biblia.

Hoteli nilikokula imondo ni ya Wachina. Iko Blacktown, ghorofani, juu ya duka la miwani. Hapo hakuna anayekupikia. Katikati ya meza kuna jiko, na juu ya jiko kuna sufuria pana iliyogawanywa mara mbili kwa ukuta wa bati. Upande mmoja una mchuzi mweupe wa mifupa, upande wa pili una mchuzi mwekundu ambamo pilipili zinaelea kama jeshi lililoshindwa vita. Unaletewa vitu vibichi, unavichovya mwenyewe, na ukiunguza ulimi ni shauri yako. Nyama ya kondoo imekatwa nyembamba sana, ukiiinua unaona mtu wa meza ya pili. Kuna mizizi ya yungiyungi yenye matundu, ngozi za tofu, damu ya bata iliyogandishwa ikakatwa vipande kama sabuni ya kufulia, na ndimi za bata, ambazo nilizihurumia. Kuna matumbo, Senge, ile sehemu yenye kurasa kama kitabu. Niliimaliza kama ninavyomaliza vitabu vyote. Ndani ya mchuzi mwekundu kuna pilipili fulani ndogo ambazo haziwashi bali zinatia mdomo ganzi, kama umetoka kung'olewa jino. Nadhani ni ganzi hiyo iliyofanya nisiitambue imondo mpaka nilipokuwa nimeshakula nyingi, na baada ya hapo nilishindwa kuacha.

Anayetuhudumia ni Bi. Yulan. Ndiye mpishi. Anatoka Chongqing, ana miaka arobaini na mitatu, hajawahi kuolewa, na hucheka kwa pua. Ndiye aliyenifundisha kushika vijiti vya kulia, bila kunigusa mkono, kwa sababu aliona sipendi kushikwa. Aliketi tu upande wa pili wa meza akafanya polepole, nikamwiga. Tumeenda pale karibu kila Jumapili tangu Krismasi. Baba hali pilipili. Ndipo nikaanza kuwaza.

Wiki iliyopita Baba aliniambia. Anataka kumwoa Bi. Yulan, lakini hatafanya lolote mpaka ukoo ukubali, na ukoo hautakubali mpaka wewe useme neno, maana wewe ndiye dada yake. Hajui aanzie wapi. Kila jioni anamwandikia Baba Mkubwa ujumbe, anausoma, anaufuta, anaenda kuoga. Basi nimeanza mimi. Sijamwambia kwamba nakuandikia.

Mimi sina maoni. Nataka tu lifanyike lililo sawa.

Mtoto wa kaka yako,
Kageha

*

Mbale, Vihiga
22 Juni 2021

Mama,

Barua yako imefika wiki hii ikiwa imechakaa kama iliyokuja kwa miguu. Karani wa posta ananiambia ndege zimepungua. Nikamwambia hata zingejaa angani kama kunguru, yeye bado angeikalia.

Unaona bado nakuita Mama. Umebeba jina la mama yangu na umebeba na tabia zake. Naye alikuwa hivyo hivyo: ukimwuliza anaonaje, hana maoni, kisha kesho yake unakuta kila kitu kimeshapangwa anavyotaka.

Sisi hapa tuko hai. Serikali imetufungia kaunti za huku magharibi, na ikifika saa moja jioni kila mtu awe ndani kama kuku. Wateja wangu wa usiku sasa wanakula chakula cha usiku saa tisa mchana, na wanakila kwa hasira. Goti ni zima. Linalouma sasa ni lile jingine, limeona wivu. Adagala amechanjwa, na tangu siku hiyo anatembea sokoni amekunja mkono wa shati ili tuone alipochomwa. Ameshatuonyesha wote. Sasa anawaonyesha watu wa soko la Luanda.

Imondo nimekusamehe. Cha dukani ni cha mnunuzi. Anayeuza firigisi thelathini kwenye sahani hauzi heshima, anauza nyama. Lakini zile ndimi za bata usinitajie tena, barua yako niliisoma nikila. Na uniulizie huyo mpishi matumbo anayasafisha kwa kitu gani. Mtu anayepika matumbo ndiye mtu ninayeweza kumwelewa, lakini kuna wanaoyasafisha na kuna wanaoyalowesha tu na kumwomba Mungu.

Sasa jambo lenyewe. Mwanamke anayetaka kuingia nyumba yetu hupimwa kwa kuku. Si kwa kumpika, maana hata moto unajua kupika. Hupimwa kwa kumgawa. Paja analipeleka wapi, shingo anampa nani, imondo anaiweka kwenye sahani ya nani. Mwache apike kuku nyumbani kwenu, si hotelini kwake. Usimwambie lolote. Usimkonyeze, usikohoe. Baba yako naye asijue, kwa sababu Clifford hajawahi kuficha kitu. Akiwa mtoto alikuwa akiiba sukari anatuletea tuone. Huyo Yulan akiweka imondo kwenye sahani ya Clifford, nitasimama mbele ya Adagala niseme nimeridhika. Akiiweka kwingine, tutajua la kufanya. Kisha uniandikie ulichokiona.

Marehemu mama yako nilimpima hivyo hivyo, mimi mwenyewe, jikoni hapa hapa. Hayo mengine sitayaandika.

Kula vizuri. Na uongee shuleni hata neno moja kwa siku, wasidhani tuliwapelekea sanamu.

Mimi, Senge wako

*

Doonside, Sydney
29 Agosti 2021

Mpendwa Senge,

Pole kwa goti la pili. Barua yako nimeipata na nimeisoma chooni, ambapo ndipo mahali pekee penye faragha humu ndani siku hizi. Sisi nasi tumefungiwa. Shule iko kwenye kompyuta, jambo ambalo mimi naliona ni neema, kwa kuwa mtu anaweza kuzima kamera na kuwa mwerevu kimyakimya. Usiku hakuna kutoka. Helikopta ya polisi hupita juu ya Doonside na Blacktown ikitukumbusha kulala. Baba anapimwa puani mara kwa mara kazini na anasema sasa pua yake inawajua wauguzi kwa majina.

Hoteli ya Bi. Yulan haina wateja wa kukaa. Wanauza mchuzi kwenye ndoo ndogo za plastiki, mtu anapeleka kwake na kujichovyea peke yake. Bi. Yulan anasema huko ni sawa na kucheza dansi na ufagio.

Kanuni hairuhusu wageni nyumbani, ila mtu anaruhusiwa kutembelewa na mchumba wake. Ndivyo alivyokuja kutupikia. Tulimfuata kwa gari, mimi nikiwa nyuma na mifuko, na njiani tukasimamishwa na askari kijana ambaye barakoa ilikuwa imemshuka puani. Akauliza huyu mama ni nani kwetu. Baba alishika usukani kwa mikono miwili. Nikafikiri tutarudishwa. Kisha akasema, kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayekiri kuiba mbuzi, "Ni mchumba wangu." Bi. Yulan akatazama dirishani. Askari akatupongeza na kutuambia tuendelee. Kwa hiyo, Senge, serikali ya New South Wales imejua kabla ya ukoo, na kwa niaba yake naomba radhi.

Kuhusu matumbo: anayasugua kwa chumvi na unga wa ngano, anayasuuza, anarudia kwa siki, kisha anayanusa. Kama hayajaridhisha anaanza upya. Nilimwona kwa macho yangu.

Sasa chakula. Alileta jiko dogo la gesi na sufuria ya kwake. Nitakueleza kwa utaratibu ili upate picha kamili. Kulikuwa na uyoga wa aina nne. Wa kwanza ni mweusi, mnene, wenye kofia, na huwekwa mapema kwa sababu ndio unaoupa mchuzi ladha. Wa pili ni mweupe, mwembamba kama nyuzi za kushonea, na hukwama katikati ya meno hadi kesho yake. Wa tatu ni laini kama sikio, na kwa Kichina nadhani wanauita sikio kweli. Wa nne una rangi ya majivu na sikuupata vizuri, ila Baba aliusifu. Kulikuwa na kabeji ndefu ya Kichina, ambayo majani yake hutiwa mwisho, na shina lake kabla ya majani. Kulikuwa na majani machungu kidogo kama managu, yanachovywa tu na kutolewa, ukiyasahau yanakuwa kamba. Kulikuwa na spinachi ya maji yenye mashina matupu ndani, unaweza kunyonyea soda. Kulikuwa na viazi vilivyokatwa duara nyembamba, na boga. Tofu ilikuwa ya namna tatu: laini, iliyokaangwa, na iliyogandishwa ikawa na matundu kama sifongo, hii ikinywa mchuzi ukaiuma inakumwagikia wewe na jirani. Tambi zilitengenezwa kwa viazi vitamu. Zinateleza. Moja ilimponyoka Baba ikaingia ndani ya shati, akasimama, na Bi. Yulan akacheka kwa pua mpaka akashika meza.

Kila mtu huchanganya mchuzi wake wa kuchovyea kwenye bakuli dogo. Wangu ulikuwa wa ufuta, vitunguu saumu, dania na siki kidogo. Wa Baba ulikuwa wa chumvi.

Kuku alikuwepo. Aliiva vizuri. Aligawiwa, na kila mtu alipata.

Kulikuwa pia na mahindi.

Karatasi inaelekea kuisha kwa hiyo naishia hapa. Wasalimie wote, hata Baba Mkubwa.

Mtoto wa kaka yako,
Kageha

*

Mbale, Vihiga
21 Oktoba 2021

Mama,

Jana kafyu imeondolewa. Usiku wa jana watu walikula hapa kama waliofunguliwa jela. Mmoja aliagiza ugali mara mbili kisha akalia. Adagala aliugua homa, wala si ile, ni ya kawaida tu, lakini tayari ameaga ukoo mzima na kugawa viti vyake. Sasa amepona, anazunguka akivikusanya.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa. Kisha nikasimama nikatazama kiti, maana nilidhani nimekalia ukurasa mmoja. Nilikuuliza kuhusu kuku, ukaniandikia kurasa nne za majani. Leo hii naujua uyoga wa Kichina kuliko ninavyowajua watoto wa Adagala. "Aligawiwa, na kila mtu alipata." Ndivyo mbunge wetu anavyosema kuhusu barabara.

Wewe hujui kudanganya, hata kwa kunyamaza. Kama imondo ingeenda kwa Clifford, ungeiandika mstari wa kwanza kwa herufi kubwa. Kama mwanamke angeila mwenyewe, ungeniandikia kwa huzuni, ukaniomba nimwelewe kwa kuwa ni mgeni. Hukufanya hivyo. Basi aliiweka kwenye bakuli lako. Na wewe ukaila. Nimekosea?

Sasa nikuambie kitu. Hoteli hii inapika kuku wengi kila wiki. Mwenye nyumba humu ni nani? Mume sina. Firigisi hizo zote unadhani huenda wapi, mbinguni? Nazila mimi, miaka yote hii, nyuma ya mlango wa stoo, na sijaota ndevu. Mwiko uliokupiga ulikuwa unailinda ya kwangu. Kwa hiyo usidhani nilikuwa nikiililia imondo ya baba yako.

Huyo Yulan sikumpima. Nilikupima wewe. Mtoto aliyefiwa na mama, ukimwuliza kama anataka mama mwingine atakujibu kwa adabu, na adabu haimwambii mtu chochote. Ndiyo maana nilikupa kazi badala ya kukuuliza. Ungekuwa humtaki, ungepata nafasi yako: barua ya mistari mitatu, ameshindwa, kwaheri. Wewe ukamficha nyuma ya kabeji. Hakuna anayemficha asiyemtaka. Na anayesafisha matumbo kwa siki kisha akayanusa, mimi sina neno naye.

Haya. Kikao cha ukoo ni siku ya pili ya Krismasi, kwenye kompyuta, maana Adagala amenunua data na anatafuta mahali pa kuitumia. Atauliza kuhusu imondo kwa sababu ndilo swali analolijua. Nitasema aliwekewa Clifford. Nimejiandaa, nitatoa na chozi. Clifford atanyamaza kwa woga, na wewe unyamaze kama kawaida yako, kwa mara ya kwanza kutatufaa. Yulan asiwepo, mtu hazungumzwi akiwa amekaa hapo.

Mama yako alimpa Clifford, kama ulikuwa unajiuliza. Kisha Clifford akamrudishia nusu walipodhani sioni.

Mimi, Senge wako

*

Doonside, Sydney
30 Desemba 2021

Mpendwa Senge,

Hukukosea.

Natumaini umeme umerudi Mbale na sikukuu imekwenda vizuri. Hapa kuna wimbi jipya, kila mtu mtaani ana mafua na anadai ni vumbi. Baba amefanya zamu Krismasi yote. Barua yako ya Oktoba ilifika siku mbili kabla ya kikao, kwa hiyo nilikuwa na siku mbili za kuisoma upya.

Najua umeshasikia kwamba niliuharibu uongo wako, na najua Baba Mkubwa amekusimulia na kujipa maneno mengi zaidi kuliko aliyoyasema. Naomba nikueleze mimi, kwa kuwa umeme wako ulikatika mara tu baada ya lile chozi.

Ulipopotea, Baba Mkubwa alisema kwamba Wilkister amesema vizuri, lakini Wilkister hakuwepo Doonside. Akauliza nani alikuwepo. Baba akatazama meza. Alikuwa amevaa tai, na mkono wake ulikuwa juu ya tai kama anayeikagua isiondoke. Nilijua nikinyamaza yataisha. Vichwa vyote vilikuwa vimeshaanza kutikiswa kwa kukubali kwenye vile visanduku vyao, na kuna shangazi mmoja wa Nakuru alikuwa tayari ameenda kupakua chakula.

Sitaki udhani ni ushujaa. Ni kwamba Bi. Yulan aliitoa ile imondo kwenye mchuzi mweupe, kwa kuwa anajua mwekundu unaniumiza tumbo, akaipuliza, akaiweka kwenye bakuli langu bila kusema lolote, akaendelea na kazi. Kama ingekuwa aliwekewa Baba, basi mimi sikuwekewa kitu. Sikuweza kuiacha ichukuliwe hata kwa maneno tu. Nikawasha maikrofoni.

"Nilipewa mimi, Baba Mkubwa," nikasema. "Nikaila."

Baba Mkubwa hakutikisika. Mtu mmoja akasema mtandao umekwama. Haukuwa umekwama, alikuwa anafikiri. Nyuma yake jogoo alipita, ndipo tukajua.

"Na Clifford alipewa nini?"

"Shingo."

Watu wakacheka, hata wale ambao hatukujua kama wanasikia. Baba akashusha kichwa zaidi. Baba Mkubwa akangoja wanyamaze, akauliza mwanamke mwenyewe alikula nini.

"Miguu," nikasema.

Hiyo ni kweli kabisa. Sikuongeza kwamba kwao miguu ya kuku ndiyo sehemu tamu kuliko zote na kwamba alikuwa ameitenga mapema asije akaigusa mtu. Mwenyekiti hakuniuliza.

Baba Mkubwa akavua miwani. Akasema kwamba katika maisha yake ameona wanawake wengi wakiingia ukoo huu, wengine wakiwa na imondo mkononi kama tiketi, na baadaye akaona watoto wa nyumba hizo walivyolala njaa. Akasema huyu ameingia kwenye nyumba yenye mtoto asiye wake, akamlisha mtoto kwanza, baba akampa shingo, na yeye akabaki na miguu. Kisha akasema maneno ambayo nitayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu najua yeye atayabadilisha: "Clifford, oa huyo mtu kabla data yangu haijaisha. Lakini akija hapa kwangu, imondo yangu aiache mahali panapojulikana."

Na data ikaisha kweli, katikati ya maombi ya kufunga.

Baba alikaa pale pale. Nilimwambia "Baba, wamekubali," akasema amesikia, lakini hakuinuka. Nilimwacha.

Bi. Yulan alikuwa ndani ya gari. Tulikuwa tumemwambia asiwepo anapozungumzwa, naye hakutaka kwenda mbali, kwa hiyo aliegesha mbele ya nyumba ya jirani, amefungua madirisha kwa sababu ya joto, mifuko ya chakula miguuni. Niliingia nikakaa kiti cha mbele. Hakuniuliza wamesemaje. Aliuliza waliniuliza nini.

Nikamwambia waliuliza kuhusu firigisi.

Akageuka akanitazama kwa wasiwasi wa mpishi. "Ilikuwa ngumu?"

Ndipo nikamweleza yote: imondo ni ya nani, na kwamba kulikuwa na mtihani, na kwamba mimi nilijua tangu mwanzo nikakaa kimya. Niliongea kwa muda mrefu. Alicheka kwa pua mara moja, pale kwenye shingo, halafu hakucheka tena. Akasema kama ningemwambia mapema, angempa Baba.

"Najua," nikasema.

Akachomoa funguo. Kisha akasema uyoga unaharibika kwenye joto hili. Nikachukua mfuko wa uyoga na ule wa nyama, yeye akachukua jiko, tukavuka barabara. Nilimfungulia mlango kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa. Baba bado alikuwa mbele ya kompyuta iliyozimika, na tai yake. Nikaiondoa kompyuta mezani, nikafuta meza, nikaleta mabakuli.

Mtoto wa kaka yako,
Kageha